Kosa la Kiwandani au Jeraha la Mtaani? Mwongozo Kamili wa Kuichunguza Sarafu Yenye Kasoro

Mzee mmoja alinijia na senti kumi ya mkoloni, ile ya shaba yenye tundu katikati. Yake ilikuwa na matundu mawili. Mjukuu wake alikuwa ameona video mtandaoni inayosema sarafu yenye kasoro ya kiwandani huuzwa mamilioni, basi mzee akapanda basi asubuhi na mapema, sarafu ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso. Niliiweka chini ya lenzi na sikuhitaji hata dakika moja. Tundu la pili lilikuwa pembeni, karibu na ukingo. Upande mmoja metali ilikuwa imebonyea kuingia ndani, upande wa pili imechomoza kwa ncha kali. Mtu aliitoboa kwa msumari ili aivae shingoni. Nilipomwambia, alinyamaza. Nauli ilikuwa imeshaliwa.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa ajili ya vijana wanaoanza kukusanya sarafu ambao huingizwa mjini kila siku na wauzaji wanaobandika maneno "kosa adimu" juu ya sarafu iliyogongwa kwa nyundo. Kazi ya kutofautisha haihitaji mitambo ya bei kubwa. Inahitaji ujue sarafu inavyotengenezwa, kisha ujiulize swali moja bila kuchoka: metali iliyokuwa hapa imekwenda wapi, na nani aliisukuma?

Sarafu inavyozaliwa

Kiwandani huanza bamba refu la metali. Mashine hulitoboa mfululizo na kutoa visahani vitupu, visivyo na maandishi wala picha. Visahani hupitishwa kwenye moto ili vilainike, huoshwa, halafu hubanwa ubavuni kwenye mashine inayoviringisha, na hapo ukingo huinuka kidogo pande zote mbili. Kwa sarafu za tundu kama senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, tundu hutobolewa kwenye kisahani kabla ya kugongwa chapa. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Kisahani kisha huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mmoja chini, ndani ya pete ya chuma inayokizunguka. Mihuri hukutana kwa nguvu ya tani nyingi mara moja tu, metali inatiririka kama unga wa maandazi uliobanwa, inajaza kila shimo la muhuri, inagota kwenye pete, basi. Pete ndiyo inayoipa sarafu ubavu wake, uwe laini au wa mistari, na ndiyo inayozuia isitanuke.

Kwa hiyo kosa la kweli lina milango mitatu tu ya kuingilia. Kisahani kilikuwa na kasoro: kimemegeka, ni chembamba, ni cha metali nyingine. Au muhuri ulikuwa na kasoro: umepasuka, umevunjika, umechongwa herufi pacha. Au mgongo wenyewe, yaani lile pigo la mihuri, ulikwenda kombo: kisahani hakikukaa katikati, pete haikuwepo, kitambaa au grisi iliingia kati. Sarafu ikishadondoka kwenye ndoo ya kiwanda, mlango umefungwa. Kila kinachoipata baada ya hapo, hata kikiwa cha ajabu namna gani, ni jeraha.

Vifaa

Lenzi ya sonara inayokuza mara kumi inatosha kabisa. Ikikuza zaidi ya hapo, utaanza kuona mikwaruzo ya kawaida kama mabonde na utajidanganya. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa ya kupimia upana, sumaku, na taa moja ya mezani unayoweza kuilaza ubavuni. Weka kitambaa laini mezani, na ishike sarafu kwa ubavu wake, usiguse uso.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usiisafishe. Ndimu na chumvi, majivu, mchanga, dawa ya meno, vyote hivyo nimeviona vikiua sarafu nzuri. Ukishaisugua umefuta ushahidi wenyewe unaoutafuta, na thamani umeifuta pia.

Hatua ya kwanza: tafuta ndugu yake mzima

Kabla ya kuangalia kasoro, tafuta sarafu nyingine ya aina ile ile, ikiwezekana ya mwaka ule ule, isiyo na tatizo. Ziweke bega kwa bega. Nusu ya "makosa" ninayoletewa huishia hapa, kwa sababu kile mtu alichodhani ni kasoro ndivyo sarafu ilivyobuniwa. Kuna kijana aliwahi kuniletea senti kumi ya mwaka 1936 akisema ina kosa kwa kuwa haina kichwa cha mfalme. Sarafu za tundu za Afrika Mashariki hazikuwahi kuwa na kichwa. Tundu ndilo lililochukua nafasi. Iliyo na jina la Edward VIII inapendwa na wakusanyaji kwa sababu nyingine: mfalme huyo wa Uingereza alijiuzulu mwaka ule ule, na nchini kwake mwenyewe hakuna sarafu ya jina lake iliyoingia mikononi mwa watu, ilhali huku kwetu senti zake zilitumika sokoni.

Vivyo hivyo herufi ndogo H, KN au SA kwenye sarafu za mkoloni. Hizo ni alama za viwanda: Heaton wa Birmingham, King's Norton, na Pretoria.

Hatua ya pili: pima

Uzito hausemi uongo. Shilingi ya fedha ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921 ina gramu kama 7.8. Shilingi 500 ya Tanzania iliyotoka mwaka 2014 ina gramu 9.5 na upana wa milimita 27.5. Tafuta vipimo vya sarafu yako kwenye katalogi, kisha soma matokeo hivi.

Upana umezidi lakini uzito ni ule ule: yawezekana iligongwa bila pete, ikatanuka. Hilo ni kosa la kweli. Lakini yawezekana pia iliwekwa kwenye reli ya treni, mchezo ambao watoto wa kando ya Reli ya Kati wanaujua vizuri. Utazitofautisha kwa kutazama picha: iliyotanuka kiwandani ina picha kali, isiyovurugika, na imetanuka karibu sawa pande zote, ubavu wake ukiwa laini. Iliyopitiwa na gurudumu imevutika upande mmoja kama chapati isiyosukumwa vizuri, picha imelala pande zote mbili, na herufi zimenyooshwa kufuata njia ya gurudumu.

Uzito umepungua na sarafu imekuwa nyembamba na ndogo kidogo kila upande: shuku tindikali kwanza. Tindikali hula kila mahali kwa usawa, kwa hiyo herufi zote zinaonekana zimekonda na kufifia kama sabuni iliyotumika, na uso una vinyweleo vidogo vidogo. Kisahani chembamba cha kiwandani hakina hali hiyo. Picha inaweza kufifia mahali metali ilipokosekana, lakini palipogongwa vizuri pamebaki na mng'ao wake.

Sumaku nayo ina kazi yake. Shilingi 50 na 100 za Tanzania ni chuma kilichopakwa shaba ya njano, hivyo zinanaswa. Marekani sumaku hiyo hiyo imevunja mioyo mingi: mwaka 1943, kwa sababu ya vita, senti zao zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na chache sana zikagongwa kwa bahati mbaya kwenye visahani vya shaba vya mwaka uliotangulia. Walaghai hupaka shaba juu ya senti ya chuma ya 1943. Ikinaswa na sumaku, mchezo umekwisha. Isiponaswa, pima: ya shaba ina gramu 3.11, ya chuma 2.70. Hata hapo itazame tarakimu ya 3 chini ya lenzi, maana wapo wanaoichukua ya 1948 na kuikata 8 hadi ifanane na 3.

Hatua ya tatu: kimeinuka au kimezama?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Zima taa ya juu, laza taa ya mezani ubavuni ili mwanga upite juu ya uso wa sarafu kama jua la jioni, kisha izungushe taratibu.

Muhuri ni kinyume cha sarafu. Kilichochimbwa kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Muhuri ukipasuka, ufa ni bonde jembamba, metali inaingia humo, na kwenye sarafu unaona mstari ulioinuka, unaotambaa bila mpangilio kama mzizi, mara nyingi kutoka ukingoni kupitia katikati ya herufi. Hakuna kisu wala msumari unaoweza kuchora mstari ulioinuka. Msumari unachimba, na ukichimba, metali inasukumwa kando na kufanya tuta dogo kila upande wa mfereji, kama jembe linavyofanya shambani. Ukiona mfereji wenye matuta, ni mkwaruzo. Ukiona mstari ulioinuka peke yake kutoka kwenye uwanja, ile sehemu tambarare isiyo na picha, hapo ndipo moyo uanze kwenda mbio.

Kipande kizima cha muhuri kikivunjika pembeni, sarafu inapata kinundu kilichoinuka ukingoni, hakina maandishi wala picha. Kinundu cha kweli kina rangi na mng'ao wa sarafu yenyewe. Na geuza upande wa pili: mahali hapo hapo kwa nyuma picha huwa imefifia, kwa sababu metali ilikimbilia kwenye pengo la muhuri na haikupata wa kuisukuma. Kinundu cha lehemu kilichodondoshwa na fundi hakina athari kwa nyuma, rangi yake ni ya kijivu, na ncha ya sindano inaingia.

Vipi kuhusu kilichozama? Hapa kuna kosa moja la kweli linalowachanganya watu. Kitu kikiingia kati ya muhuri na kisahani, tuseme grisi, uzi au kipande cha kitambaa, kinaacha alama iliyozama. Grisi ikijaza herufi kwenye muhuri, herufi haitokei kabisa. Basi sarafu isiyo na herufi moja imekosewa au imekwanguliwa? Tazama uwanja pale herufi ilipopaswa kuwa. Kwenye grisi, herufi inafifia polepole, uwanja uko kimo kile kile cha majirani na una mng'ao wake. Kwenye tupa, uwanja umeshuka, una mistari iliyolala upande mmoja, na herufi za jirani zimeguswa vichwa.

Uingereza wana mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 2008 walipobadilisha sarafu zao, tarehe ya peni 20 ilihamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa kichwa. Kundi moja likagongwa kwa muhuri wa kichwa wa zamani na muhuri wa nyuma mpya wenye sehemu ya ngao, likatoka bila tarehe popote. Ni kosa la kweli na kiwanda chenyewe kilikiri. Tangu hapo watu hukwangua tarehe na kuwauzia wageni. Sarafu yenye nyuma ya zamani, ile ya waridi, haimo kabisa kwenye kosa hilo. Ndugu zetu walioko kule, kagueni nyuma kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya nne: ubavu, ambao watu wengi hawautazami

Ubavu ulitengenezwa na pete kwa mgongo ule ule mmoja. Kwa hiyo ubavu wenye mistari kamili kuzunguka, halafu uso una picha iliyosogea upande mmoja hadi nusu ya sarafu ni tupu, hauwezekani kwa kawaida, kwa sababu kisahani kilichokaa kombo nusu yake ilikuwa nje ya pete. Ubavu ulionyooshwa kwa tupa una mistari ya kukata. Ubavu uliogongwagongwa kwa kijiko au nyundo ndogo, kama walivyofanya mafundi wa pete za kienyeji, umevimba na kukunjamana kuelekea ndani, na herufi za pembeni zinaanza kumezwa. Nimewahi kuletewa shilingi ya namna hiyo kama "sarafu ndogo ya majaribio". Ilikuwa pete ya mtu ambaye hakuimalizia.

Ubavu pia unafichua sarafu ya vichwa viwili. Karibu zote zilizopo mikononi mwa watu ni za wacheza mazingaombwe: sarafu moja imechimbwa ndani kama bakuli, nyingine imepunguzwa na kutiwa humo. Tafuta mstari mwembamba wa duara mahali ukingo unapokutana na uwanja. Kisha iangushe juu ya meza ya mbao pamoja na nzima yake usikilize. Nzima inalia, ya kuunganisha inasema "tap" na kunyamaza.

Hatua ya tano: pande mbili zisimulie kisa kimoja

Mgongo ni mmoja, pande zote mbili hupigwa pamoja. Kwa hiyo kosa la mgongo lazima lionekane, kwa namna fulani, nyuma na mbele. Swali hili ndilo lingeniokoa siku niliyodanganywa mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilinunua kwa muuzaji mmoja wa barabarani thumuni, yaani senti hamsini, yenye maandishi yaliyozama na kusomeka kinyumenyume. Nilikuwa nimesoma kwamba sarafu ikinata kwenye muhuri, kisahani kinachofuata hugongwa na uso wa sarafu hiyo badala ya muhuri, kikapata picha iliyozama na iliyogeuka kama kwenye kioo. Ni kosa zuri sana na ni la kweli. Nikalipa bila kuuliza. Nyumbani, nilipoilaza chini ya taa, nikaona kwamba chini ya yale maandishi yaliyozama bado simba wa awali alikuwepo, amebonyezwa. Nikageuza: upande wa pili wote umelala bapa, kama mtu aliyekalia kofia. Sarafu mbili ziliwekwa pamoja kwenye jiliwa la fundi na kukazwa. Basi.

Kwenye kosa la kweli la aina hii, picha ya kioo imejaa uso mzima na ndiyo pekee iliyopo upande ule, haikugandamizwa juu ya picha nyingine iliyokamilika. Upande wa pili una picha yake ya kawaida, iliyoinuka. Thumuni ile ninayo bado, huwa nawaonyesha vijana wanaokuja kujifunza.

Matundu

Nirudi kwenye senti za tundu, ndururu (senti tano) na peni (senti kumi) kama wazee wa Kenya walivyoziita, maana ndizo nyingi zaidi kwenye masanduku ya bibi zetu. Zilitoka kwa miongo mingi, za mwisho zikiwa na mwaka 1964.

Tundu la kiwandani lilitobolewa kwanza, chapa ikafuata. Hivyo nguvu ya mgongo iliubana na ukingo wa tundu pia. Upitishe ukucha: ni laini, umeviringika kidogo pande zote mbili, wala hauna ncha. Tundu likiwa limekaa kombo kwa kosa la kiwandani, utaona picha imegongwa juu yake kana kwamba halikuwepo. Mduara wa pambo la katikati uko mahali pake, tundu limesogea na kuula upande mmoja, na metali ya kando ya tundu imetiririka kidogo kuelekea ndani ya uwazi, hata tundu likakosa umbo la duara kamili. Tundu lililotobolewa baadaye halina mtiririko huo. Herufi imekatwa wima kama kwa wembe, au imevutwa kuingia shimoni upande mmoja na kuchomoza upande wa pili. La kekee lina mistari ya kuzunguka ndani ya kuta zake.

Isiyo na tundu kabisa ni adimu, na huo uadimu ndio unaowashawishi watu kuziba matundu. Ukiletewa moja, tafuta duara la mshono katikati, linganisha rangi ya katikati na ya pembeni, kisha iangushe mezani uisikilize. Iliyozibwa hailii. Pima pia, kwa sababu ya kweli inazidi ndugu yake uzito kwa kile kipande ambacho hakikutolewa.

Sarafu iliyomegeka

Wakati mashine inatoboa bamba, bamba likichelewa kusogea, kitobozi hupiga mahali palipokwisha kutobolewa na kisahani kinatoka na pengo la mviringo, kama biskuti iliyong'atwa. Hili ni kosa la kawaida na si la bei kubwa, lakini linapendeza. Ushahidi wake mtamu zaidi uko mbali na pengo lenyewe, upande wa pili kabisa wa sarafu. Kisahani kilipokuwa kinabanwa ubavuni ili ukingo uinuke, palipokuwa na pengo hapakuwa na kitu cha kubana, kwa hiyo mkabala wake nako nguvu ilikosekana. Matokeo yake ukingo wa upande huo umefifia au haupo. Fundi wa mtaani anayekata sarafu kwa mkasi wa bati hajui hilo. Ukingo wake wa mkabala unabaki mzima kabisa.

Angalia pia herufi zilizo jirani na pengo. Kwenye kosa la kweli zinapungua na kuvutika kuelekea pengo, kwa sababu metali ilitiririka huko bila kizuizi. Zilizokatwa baadaye zinaishia ghafla.

Herufi pacha

Mwaka 1955 Marekani, kwenye kiwanda cha Philadelphia, muhuri mmoja wa senti uliandaliwa vibaya. Siku zile muhuri ulipata picha kwa kukandamizwa zaidi ya mara moja, na mara ya pili haukukaa sawasawa na ya kwanza. Senti zaidi ya elfu ishirini zikaingia mitaani zikiwa na tarehe na maneno yanayoonekana mawilimawili hata bila lenzi. Tangu hapo dunia nzima inatafuta herufi pacha, na kwa kila moja ya kweli kuna maelfu ya bandia zisizotengenezwa na mlaghai yeyote.

Chanzo cha pacha hao bandia ni muhuri uliolegea. Ukishamaliza kugonga, unatikisika na kuikwaruza herufi iliyotoka sasa hivi, ukiilaza upande mmoja. Herufi inapata ngazi, bapa, yenye kung'aa, iliyo chini ya kimo chake. Kumbuka tofauti hii: pacha wa kweli huongeza upana wa herufi, wote wawili wameviringika vizuri na ncha za herufi zimegawanyika kama ulimi wa nyoka. Mtikisiko huipunguza herufi, kwa sababu ile ngazi imekatwa kutoka mwilini mwake. Mtikisiko hutokea kiwandani, lakini wakusanyaji hawauhesabu kuwa na thamani yoyote ya ziada.

Rangi, na za metali mbili

Shilingi 100 iliyogeuka nyeupe si "ya fedha". Rangi ya njano juu yake ni ngozi nyembamba, na jasho, tindikali ya betri au miaka mingi ndani ya kibubu huila hadi chuma kikatokeza. Kama picha imechakaa na njano imebaki kwenye mabonde ya herufi, ngozi iliisha kwa kutumika. Malengelenge yaliyo na kutu ndani ni ya unyevu. Sarafu iliyopitia nyumba iliyoungua huwa na malengelenge pia, rangi za upinde wa mvua na weusi kwenye mabonde. Kwa rangi peke yake mimi sinunui kamwe.

Za metali mbili, kama zile za Kenya za shilingi 5, 10 na 20 zilizotoka miaka ya 1990, zina ulaghai wake. Kiini hung'olewa kwa kugongwa, kikageuzwa na kurudishwa. Kiwandani kiini na mzingo hugongwa pamoja, kwa hiyo metali mbili zimeumana na picha inavuka mpaka bila kukatika. Hata kiini kikikaa kombo kwa kosa la kweli, picha itapita juu yake ikiwa imenyooka. Kilichong'olewa kina mikwaruzo kwenye mshono, ufa unaopitisha mwanga, na mistari ya picha haikutani.

Tabora, mahali kanuni zinapolegea

Kuna sarafu moja ya kwetu ambayo lazima uitazame kwa jicho jingine. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, meli hazifiki, na sarafu zimewaishia. Wakafungua kiwanda kwenye karakana ya reli pale Lulanguru, karibu na Tabora, wakagonga heller 5 na 20, na hata rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Neno letu "hela" lilitokana na heller hizo za Wajerumani. Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliuteka mji, kazi ikakoma.

Heller 20 za Tabora, za shaba nyekundu na za njano, zilitengenezwa kwa haraka na kwa vifaa vya karakana. Nyufa za muhuri, picha iliyokaa kombo, visahani vya unene tofauti, herufi zilizojaa uchafu: mambo ambayo kwenye shilingi ya London yangekushtua, hapa ni ya kawaida. Wakusanyaji wanatenganisha umbo la taji na la mapambo ya upande wa pili, kwa kuwa mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja. Kwa hiyo usiilipie heller 20 zaidi eti kwa sababu ina ufa. Na usiikatae kwa sababu ni mbaya wa sura. Ninayoishika mkononi sasa ina ufa ulioinuka unaopita kando ya taji, na juu ya ufa huo pana mkwaruzo mpana uliouchimba na kuukata vipande viwili. Ufa ni wa kiwandani, mkwaruzo ni wa mtaani, na unaona kabisa kipi kilitangulia.

Ukisharidhika

Ipige picha pande zote mbili na ubavu, mwanga ukiwa wa kando. Isambaze kwa wakusanyaji wawili watatu wasiokuwa na nia ya kuinunua, uwaulize bila kuwaambia wewe unafikiri nini. Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC huthibitisha makosa ya kiwandani na kuifunga sarafu kwenye kasha, lakini ada na usafirishaji vinaweza kuzidi bei ya sarafu yenyewe, hivyo usitume ya kumegeka kidogo au ya ufa mdogo.

Mimi kila sarafu naitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi na kuandika juu yake uzito, upana, na neno moja: kisahani, muhuri, mgongo, au mtaani. Nisipoweza kuandika neno hilo kwa uhakika naweka alama ya kuuliza na kuirudisha sandukuni. Zipo saba za namna hiyo. Moja ni ndururu ya 1943 ambayo tundu lake limesogea nusu milimita, na nimeitazama kwa miaka minne bila kuthubutu kuifuta ile alama.